Shahidi na Hukumu Yake: Uzoefu wa Nafsi katika Hillbilly Elegy ya J. D. Vance

Utangulizi

Katika mabishano juu ya maskini wanaosaidiwa na serikali, ni vigumu kupata hoja inayotumiwa mara nyingi, na iliyo ngumu kujibiwa, kuliko hii: "Mimi nimeona kwa macho yangu." Anayeitamka aghalabu huwa amekwisha kuufunga mlango wa mazungumzo. Ukimletea hesabu, atakuambia kwamba hesabu hazijui mtaa wake. Ukimletea hoja ya haki, atakuuliza kama wewe umewahi kuishi na mlevi. Kumkanusha ni sawa na kumwita mwongo, na mara nyingi si mwongo hata kidogo. Aliyoyaona aliyaona.

Makala haya yanakusudia kuichunguza hoja hiyo kama jambo la fasihi, yaani namna usimulizi wa nafsi ya kwanza unavyogeuka ushahidi, na namna ushahidi unavyogeuka hukumu. Kitabu nilichokichagua ni tawasifu ya Mmarekani J. D. Vance, Hillbilly Elegy, iliyotolewa mwaka 2016. Nimekichagua kwa sababu tatu. Kwanza, mambo mawili yanayotushughulisha, msaada wa serikali na dawa za kulevya, yanakutana humo ndani ya familia moja na mtaa mmoja. Pili, mwandishi wake alichaguliwa kuwa seneta wa Ohio mwaka 2022 na akaapishwa kuwa Makamu wa Rais wa Marekani Januari 2025. Kwa hivyo maoni yaliyozaliwa jikoni na dukani yamepata njia ya kufika mahali sheria zinapotungwa. Tatu, sisi nasi tuna mabishano ya aina hiyo hiyo tangu serikali ya Kenya ilipoanza kuwapa fedha taslimu wazee, mayatima na watu wenye ulemavu mkubwa kwa mpango wa Inua Jamii. Nani hajasikia ikisemwa, "Watazinywa tu"?

Nia yangu si kumhukumu mwanasiasa. Mhakiki anayekisoma kitabu cha mwaka 2016 kwa macho ya uchaguzi uliokuja baadaye atakuwa anahakiki kitu kingine. Ninachouliza ni hiki: kitabu chenyewe kinajua nini, na je, maoni yake yanatokana na yale kinayoyajua?

Msimulizi na mahali pake

Hillbilly ni jina la dharau wanaloitwa watu wa milima ya Appalachia, na elegy ni utungo wa kuomboleza, ule ambao Waswahili huuita mbolezi. Kwa hivyo kichwa chenyewe kinatuahidi mbolezi ya watu wanaodharauliwa, ikiimbwa na mmoja wao. Vance alizaliwa mwaka 1984 katika mji wa Middletown, Ohio. Babu na nyanya yake walikuwa wametoka Jackson, huko Kentucky, na babu alifanya kazi katika kiwanda cha chuma cha Armco, kilichokuwa tegemeo la mji ule. Mama yake alikuwa muuguzi. Alianza kutumia vibaya dawa za hospitali za kutuliza maumivu, na baadaye akaingia katika heroini. Mtoto alilelewa zaidi na nyanya yake, ambaye kitabuni anaitwa Mamaw. Alipomaliza shule aliingia katika jeshi la wanamaji, akasoma Chuo Kikuu cha Ohio State, kisha shule ya sheria ya Yale.

Msomaji wa Kiswahili si mgeni wa tawasifu inayofundisha. Shaaban Robert, katika Maisha Yangu, aliyageuza mapito yake kuwa mafunzo kwa wengine. Aidha, si wageni wa tawasifu inayofichua zaidi ya msimulizi alivyokusudia. Anayesoma maisha ya Hamed bin Muhammed, yaani Tippu Tip, aliyoyasimulia kwa maneno yake mwenyewe, anapata habari nyingi za kweli juu ya safari za bara. Lakini vilevile anaona jinsi biashara ya pembe na ya watu inavyosimuliwa kama shughuli ya kawaida ya mfanyabiashara hodari. Shahidi yule aliona mengi, isipokuwa mahali alipokuwa amesimama yeye mwenyewe. Somo hili tulilipata zamani katika lugha yetu, na yafaa tulichukue tunapokwenda Ohio.

Mashahidi wawili katika kitabu kimoja

Katika Hillbilly Elegy sauti ni moja lakini mashahidi ni wawili. Wa kwanza ni keshia. Akiwa bado shuleni, Vance alipata kazi katika duka la vyakula la mjini kwao. Hapo kaunta aliona watu wakilipia chakula kwa kuponi za serikali huku bia, mvinyo na sigara wakizilipia kando kwa fedha taslimu. Aliona wengine wakinunua makasha ya soda kwa kuponi ili wakayauze kwa bei ya chini na kupata fedha mkononi. Aliangalia makato ya kodi katika mshahara wake mdogo, kisha akamkumbuka jirani yao mtumiaji wa dawa za kulevya, ambaye alikuwa akinunua nyama ya bei ambayo yeye mfanyakazi hakuimudu.

Shahidi wa pili ni mwana wa mama mwenye uraibu. Huyu hana kaunta ya kumtenga na anayemtazama. Anajua mama yake alikua katika nyumba gani: nyumba ya ulevi wa baba na hasira za mama, ambamo siku moja mke alimmwagia mume petroli na kumwasha moto kwa sababu amerudi tena mlevi. Anakwenda naye katika mikutano ya watu wanaojaribu kuacha. Anabishana moyoni mwake kama uraibu ni ugonjwa au ni kosa, na hafikii mwisho wa ubishi huo. Anakiri kwamba kuna urithi wa damu, kisha anaogopa kwamba neno "ugonjwa" linaweza kuwa udhuru. Anamkasirikia mama, anamwonea huruma, na anarudi tena kumsaidia.

Tuwalinganishe sasa mama na jirani kwa vipimo tunavyowafundisha wanafunzi wetu. Wote wawili wanatumia dawa. Mama ni mhusika duara: ana utoto, ana akili ya shule, ana kazi na ana majuto. Jirani ni mhusika bapa: ana dawa na ana kipande cha nyama, basi. Hatujui jina lake, hatujui ana watoto wangapi, wala kama nyama ile ilikuwa ya kila juma au ya siku moja tu. Tofauti baina yao haikutoka katika tabia zao. Imetoka katika umbali wa msimulizi. Na hapa ndipo penye kiini cha hoja yangu: maoni ya kitabu juu ya msaada wa serikali yamejengwa zaidi juu ya mhusika bapa, ilhali elimu kubwa ya kitabu juu ya dawa za kulevya imo katika mhusika duara. Keshia ndiye anayetoa hukumu, na mwana, ambaye anajua zaidi, ananyamaza.

Mtu ataweza kusema kwamba keshia naye aliona kweli. Sikatai. Kuuza bidhaa zilizopatikana kwa kuponi ili kupata fedha ni kosa kisheria, na keshia alikuwa na haki ya kuudhika. Lakini jambo la bia na sigara ni tofauti. Sheria ya Marekani hairuhusu kuponi za chakula kununua pombe wala tumbaku. Mnunuzi anayelipia chakula kwa kuponi na bia kwa fedha yake anaifuata sheria kama ilivyo. Macho ya keshia yaliona vitu viwili kwenye kaunta moja, na moyo wake ukaviunganisha kuwa hatia. Hayo ya pili hakuyaona, aliyahukumu.

Chupa ya mkojo

Kuna tukio moja kitabuni ambalo, kwa maoni yangu, ni bora kuliko hoja zake zote. Mama, akiwa muuguzi, anatakiwa kupimwa mkojo ili kuhifadhi leseni yake. Anamwomba mwanawe ampe mkojo wake ulio safi. Kijana anakataa kwa hasira. Kisha anamfichulia nyanya yake jambo jingine: hana hakika kama mkojo wake mwenyewe ni safi, kwani katika siku za karibuni alikuwa amevuta bangi. Nyanya anamtuliza kwamba kiasi kile hakitaonekana, na anamsihi ampe mama yake, akitumaini kwamba huenda safari hii mama atajifunza. Kijana anautoa.

Hapa mambo yote yanayogawanywa na maoni ya watu yamechanganyika. Mwenye uraibu si mtu anayekaa bure akingoja hundi ya serikali. Ni mfanyakazi mwenye leseni. Kijana anayelaani dawa ndiye anayeogopa kipimo. Nyanya, mkali kuliko wote juu ya uvivu na uongo, ndiye anayeshauri udanganyifu, na anafanya hivyo kwa mapenzi. Msomaji anatoka katika tukio hili akiwa hana uhakika nani wa kumlaumu, na hiyo ni elimu. Inasikitisha kwamba kitabu kinapofika katika kurasa za maoni, chupa ile haikumbukwi.

Nyanya anayebadilika

Vance ni mwaminifu vya kutosha kutueleza kwamba nyanya yake hakuwa na msimamo mmoja. Siku moja angewalaani wanaokula jasho la wengine. Siku nyingine angeilaani serikali kwa kutowafanyia maskini ya kutosha. Alighadhibika nyumba ya jirani ilipowekwa katika mpango wa serikali wa kuwasaidia maskini kulipa kodi ya nyumba, ingawa, kama mjukuu anavyokiri, waliohamia humo hawakuwa tofauti sana na wao wenyewe.

Wahakiki wengine wameyachukua mabadiliko haya kuwa ni kukosa fikira. Mimi nayaona kuwa ndiyo sura halisi ya maoni yanayotokana na uzoefu. Uzoefu haumpi mtu maoni mamoja. Unampa mengi, na kila moja linaamka pale jambo linalofanana nalo linapotokea. Waswahili waliliona hili zamani, ndiyo maana methali zetu hazikubaliani. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake: hii yampa mwenye uzoefu haki ya kusema. Samaki mmoja akioza wote wameoza: hii yampa ruhusa ya kuwahukumu wengi kwa mmoja. Vidole vya mkono havilingani: hii yampokonya ruhusa hiyo. Mzee mwenye hekima si yule anayeijua methali moja, bali anayejua ipi yafaa wakati gani. Nyanya wa Vance alikuwa na methali zake zote. Mjukuu, alipokaa kuandika maoni, alizichagua chache.

Na kuna jambo la majina. Baada ya jeshi Vance alisomeshwa kwa mfuko wa serikali kwa askari waliotumika, na Yale ilimpokea kwa ruzuku kubwa kwa sababu alikuwa maskini. Haya hayafichi. Lakini katika mpangilio wa kitabu hayasimami safu moja na kuponi za chakula. Moja ni stahili, jingine ni msaada. Sisemi kwamba ni sawa kabisa, kwani askari amelipa kwa utumishi wake. Nasema tu kwamba mtu huita "msaada" kile apokeacho mwenzake, na kile apokeacho yeye hukitafutia jina jingine.

Kutoka kaunta hadi sheria

Maoni ya namna hii hayabaki vitabuni. Mwaka 2011 jimbo la Florida lilipitisha sheria ya kumpima mkojo kila mtu mzima aliyeomba msaada wa fedha kwa familia maskini. Waliopimwa kabla ya mahakama kuisimamisha sheria hiyo, Oktoba 2011, walikuwa 4,086. Waliopatikana na dawa za kulevya walikuwa 108, yaani chini ya watatu katika kila mia. Watetezi wa sheria walijibu kwamba watumiaji waliogopa hata kuomba, na jibu hilo halina budi kusikilizwa. Hata hivyo, mahakama ya rufani ilipoamua dhidi ya sheria hiyo mwaka 2014, ilikuwa wazi kwamba jimbo halikuonyesha kuwa waombaji hao wana tatizo la dawa kuliko watu wengine. Sheria ilikuwa imetungwa juu ya mhusika bapa.

Huku kwetu, watafiti Johannes Haushofer na Jeremy Shapiro walichunguza familia za Rarieda, magharibi mwa Kenya, zilizopewa fedha taslimu bila masharti, na matokeo yao yalichapishwa mwaka 2016, mwaka ule ule wa kitabu cha Vance. Matumizi ya chakula yaliongezeka. Matumizi ya pombe na tumbaku hayakuongezeka. Je, hii ina maana kwamba hakuna mzee hata mmoja nchini aliyezinywa fedha zake? La hasha. Ina maana kwamba mzee yule tunayemjua sote, aliyezinywa, si kipimo cha wenziwe.

Msamiati wetu

Nimeandika kwa wasomi wa lugha, na singependa tuishie kuwatazama Wamarekani. Lugha yetu nayo ina kaunta yake. Mtu anayetumia heroini huku pwani huitwa teja, wingi mateja. Mzizi huenda ukawa ule ule wa mteja, yaani mnunuzi au mtu aliye chini ya mganga wake. Lakini mteja yumo katika ngeli ya watu, na teja ameondolewa humo na kutiwa katika ngeli ambamo mwizi huwa jizi na mtu huwa jitu. Nimewasikia watu waungwana wakisema "yale mateja," na upatanisho wa sarufi ukafanya kazi ambayo hukumu haikuthubutu kuifanya waziwazi. Mraibu ni neno la upole zaidi, na asili yake ni ya utulivu: uraibu ulikuwa tambuu na tumbaku, vitu vya baraza. Muathirika linamtoa mtu katika kosa na kumtia katika msiba, kwa nguvu ya kiambishi kimoja tu. Atakayekitafsiri kitabu cha Vance itambidi achague: je, mama atakuwa mraibu na jirani atakuwa teja? Nadhani tafsiri nyingi zingefanya hivyo bila mfasiri kutambua.

Hata neno msaada lina upande wake. Zaka, kwa mfano, haihesabiwi kuwa hisani ya mtoaji. Ni haki ya maskini iliyomo katika mali ya tajiri. Mtu aliyekua akisikia hivyo hana sababu ya kumtazama mpokeaji wa shilingi 2,000 za Inua Jamii kila mwezi kama mwombaji barazani. Lakini tunamtazama hivyo.

Neno la mwandishi

Haingekuwa haki kumchunguza shahidi mwingine na kujificha mwenyewe. Nina binamu, mwana wa mama mdogo, aliyeingia katika unga huko Mombasa tukiwa vijana. Aliuza cherehani ya mama yake, kisha redio, kisha milango ya choo cha uani. Kwa miaka mingi niliamini, na nilisema mbele ya wanafunzi, kwamba mtu wa namna hiyo akipewa kitu amepewa unga. Niliamini kwa sababu niliona. Mama yangu hakuwa ameona machache kuliko mimi, kwani cherehani ile aliinunua yeye kwa ajili ya ndugu yake. Hata hivyo kila jioni alimwekea binamu sahani. Nilipomkemea alinijibu, "Mimi nampa unga wa sima, ule mwingine anajitafutia." Neno lilikuwa moja, nasi tulikuwa tukizungumza vitu viwili.

Huduma ya methadoni ilianza nchini mwishoni mwa 2014 na baadaye ikafika pwani. Binamu aliingia, akatoka, akaingia tena. Leo anakwenda kliniki kila asubuhi na kurudi kusaidia katika duka la jirani. Nikitaka, naweza kumgeuza ushahidi wa kwamba kila mmoja anaweza kupona. Nilimtumia kwa hukumu moja, sasa ningemtumia kwa nyingine, naye ni mtu yule yule. Hilo ndilo lililonifanya nikisome tena kitabu cha Vance kwa subira zaidi kuliko mara ya kwanza, nilipokisoma kwa hasira.

Hitimisho

Nimejaribu kuonyesha mambo matatu. Kwanza, kwamba katika Hillbilly Elegy uzoefu wa mbali, wa keshia, umepewa kazi ya kutoa maoni, na uzoefu wa karibu, wa mwana, umeachwa uwe simulizi tu. Pili, kwamba udhaifu huu si wa uongo bali ni wa usawiri: mtu aliyesawiriwa bapa ni rahisi kuhukumiwa. Tatu, kwamba lugha yenyewe, kwa ngeli na viambishi vyake, inaweza kumsawiri mtu bapa kabla mwandishi hajaanza kuandika.

Wapo waliomjibu Vance. Elizabeth Catte alimpinga kwa historia ya Appalachia mwaka 2018, na mwaka uliofuata Anthony Harkins na Meredith McCarroll walihariri mkusanyo, Appalachian Reckoning, ambamo watu wa milima ile wanatoa ushuhuda wao pamoja na hoja zao. Majibu hayo yana faida, kwani yanaongeza idadi ya watu duara. Lakini ushuhuda mmoja haufutwi kwa mwingine, wala tusidhani kwamba aliyesema mengi ndiye aliyehesabu. Kazi ya ushuhuda ni kutujulisha kunguni wa kitanda; kazi ya kujua vitanda vingapi vina kunguni ni ya hesabu. Anayezichanganya kazi hizi mbili huwanyima wengine chakula kwa sababu ya nyama ya jirani mmoja.

Kwetu walimu, pendekezo langu ni dogo. Mwanafunzi atakapoandika katika insha, "Mimi binafsi ninamjua mtu mmoja," tusiikate sentensi hiyo kwa kalamu nyekundu, wala tusiipe alama kwa kuwa imetugusa. Tumwombe aendelee: mtu huyo ni nani, alikula nini jana, na wewe ulikuwa umesimama wapi ulipomwona.